Kuandaa na kuuza leseni za muziki na lupu mtandaoni: mwongozo kamili kwa prodyuza wa Arusha na Moshi

Mnunuzi wa muziki kwenye maktaba za mtandaoni si shabiki. Ni edita wa video. Picha ameshakata, bosi anapiga simu, na amebakiza nusu saa ya kutafuta kitu cha kuweka chini ya sauti ya msimulizi. Anasikiliza sekunde tano, anaruka. Tano nyingine, anaruka. Akikutana na traki inayokaa vizuri chini ya maneno, inayokatika pale anapotaka, na ambayo leseni yake haina utata, analipa na kuendelea na kazi. Jina lako hatalikumbuka, na wala halimhusu.

Kwa hiyo biti kali peke yake haitoshi huku. Kinachouzika ni kazi isiyomletea edita usumbufu, uwe wa sauti, wa urefu au wa kisheria. Maprodyuza wengi wa Chuga na Moshi wana mikono mizuri tu. Wanakokwama ni kwenye hayo mengine, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Soko lenyewe haliko mbali. Kuanzia Njiro hadi Sakina kampuni za utalii zina video za tembo, za hema za kifahari, za wageni wakishangilia kilele cha Uhuru. Muziki ulio chini ya video hizo mara nyingi umepigwa djembe, ngoma ya Afrika Magharibi, na mtu ambaye pengine Mto wa Mbu hajawahi hata kupita. Nafasi iko wazi.

1. Jua unauza nini

Traki moja ina haki mbili ndani yake. Kuna haki ya utunzi, yaani melodi, mpangilio na maneno kama yapo. Kuna haki ya rekodi, ile sauti iliyomo kwenye faili. Anayeweka muziki kwenye video anahitaji ruhusa ya zote mbili, na maktaba inaweza kuziuza kwa sababu wewe umetia saini kwamba zote ziko mkononi mwako. Usipokuwa nazo, aliyedanganya ni wewe.

Leseni inayojulikana zaidi ni ya kulipa mara moja: mteja ananunua, anatumia kwenye kazi yake, halipii tena kila video inapochezwa. Wengi hudhani huo ni muziki wa bure. Si wa bure. Kilichoondolewa ni mrabaha wa kila matumizi. Wewe unabaki mwenye mali, na kesho unaweza kumuuzia mwingine ruhusa hiyo hiyo. Pond5, iliyoanza mwaka 2006, ilijengwa juu ya mtindo huu.

Mtindo wa pili ni usajili. Mteja analipa kwa mwezi au mwaka, anapakua anavyotaka, na mtunzi analipwa kwa utaratibu ambao maktaba yenyewe imeuweka. Artlist wanauza kwa njia hii. Kila upakuaji unaingiza kidogo, hivyo unahitaji traki nyingi.

Mtindo wa tatu ni kuuza traki pamoja na haki zake zote. Epidemic Sound ya Stockholm, iliyoanzishwa mwaka 2009, imejijenga kwa kumiliki haki za muziki wake yenyewe, na mtunzi hulipwa kwa mkataba. Fedha inakuja mapema, lakini traki imeondoka nyumbani. Kwa prodyuza anayeanza si jambo baya, ilimradi usiuze ile kazi uliyopanga kuitumia kwa msanii wako.

2. Safisha haki kabla ya kugusa kinanda

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri hufia, kwa hiyo twende polepole.

Anza na sauti ulizonazo kwenye kompyuta. Sampuli (vipande vya sauti vilivyorekodiwa tayari) za Splice, duka la mtandaoni, na pakiti nyingine za kulipia unaruhusiwa kuzitumia ndani ya wimbo mpya. Huruhusiwi kuzichukua zilivyo, au kuzigeuza kidogo tu, na kuziuza tena kama lupu, yaani kipande kifupi cha muziki cha kurudiarudia. Ukitaka kuuza lupu, kila kinachosikika kiwe umekipiga mwenyewe au umekirekodi mwenyewe. Maktaba za sauti za Kontakt, programu ya ala za kompyuta, na nyingine za aina hiyo nyingi zina kipengele kinachokataza kutengenezea bidhaa za sampuli, hata kama melodi ni yako. Kipengele hicho hukaa chini kabisa ya mkataba. Kisome, kisha andika kwenye daftari ni ala zipi za lupu na zipi za traki kamili tu.

Programu ya wizi nayo ni mzigo. Najua studio nyingi zinaendeshwa na FL Studio iliyotoka kwenye flashi ya rafiki. Ukishaanza kutia saini mikataba ya nje na kutoa tamko la umiliki, hilo ni shimo ulilojichimbia. Reaper, programu nyingine ya kutengeneza muziki, inakupa siku 60 za kujaribu, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60. FL Studio ukiinunua mara moja unapata matoleo mapya bila kulipa tena. Ukihesabu, ni pesa ya kazi mbili tatu za harusi.

Kisha watu. Mpiga gitaa aliyekuja jioni moja akapiga kipande, ukampa nauli na chipsi, bado ana haki kwenye alichopiga mpaka makubaliano yaandikwe. Karatasi moja inatosha: jina lake, jina la traki, alichopiga, alicholipwa, na sentensi inayosema anakukabidhi haki za mchango wake kwa matumizi ya kibiashara popote duniani, bila kudai tena. Tarehe na saini. Piga picha, weka kwenye folda ya traki hiyo. Kwa kwaya jambo linakuwa pana zaidi, kwa sababu mtunzi wa wimbo ni mmoja, waimbaji ni wengine, na jina la kwaya ni la usharika. Njia nyepesi ni kutorekodi wimbo wao kabisa. Mwendee mwalimu wa kwaya kwa adabu: “Mwalimu, shikamoo. Nina kazi ya sauti bila maneno, za kuitikia tu. Naomba waimbaji wanane kwa jioni moja, nitalipa kila mmoja, na kila mmoja ataweka saini yake.” Sauti za “aa” na “oo” zina faida nyingine pia: maneno hugombana na msimulizi, na edita hukwepa traki yenye maneno.

Halafu muziki wa jadi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na matumizi ya kibiashara nje ya mazingira yake ya asili yanahitaji kibali. Mahali pa kuulizia ni Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Kuchukua ladha ya jadi na kutunga kitu chako kipya ni jambo moja. Kwenda na rekoda kwenye sherehe ya kimila huko Monduli, ukarudi na sauti za watu na kuziuza kama lupu, ni jambo lingine, na hata kama sheria isingekuwepo, ni kuwaibia wenyeji.

Hapo hapo kuna suala la ukweli. Wamasai kwa asili huimba bila ngoma. Kiongozi, olaranyani, anatoa mstari, wengine wanaitikia kwa mlio wa kooni, na kwenye shughuli kubwa pembe ya tandala husikika. Traki iliyojaa djembe ikaitwa ya Kimasai itamdanganya edita wa Oslo leo, lakini kampuni ya Arusha haitainunua, na mteja wa nje naye kuna siku ataambiwa na mtu anayejua. Ukitaka ngoma, piga ngoma, na uipe jina lake.

Kuhusu muziki wa akili mnemba: Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani inashikilia kwamba kazi iliyotengenezwa yote na mashine, bila mchango wa ubunifu wa binadamu, haipati hakimiliki. Huwezi kutoa leseni ya kitu ambacho huna. Kila maktaba ina msimamo wake juu ya hili, na iko kwenye masharti yake.

3. Tunga kwa ajili ya picha

Usianze na utangulizi wa sekunde arobaini. Rangi ya traki isikike mara moja: kama ni ya matumaini, matumaini yaingie kwenye sekunde ya pili. Kisha ijenge kwa ngazi, kila baa nane (baa ni kundi la mapigo, kwa kawaida manne) kitu kiongezeke au kipungue, ili edita apate mahali pa kubadilishia picha. Katikati weka sehemu tulivu, mahali ambapo mkurugenzi wa kampuni atasema “karibuni sana”. Mwisho uwe mwisho kweli, pigo moja linalofunga. Traki inayofifia taratibu inamlazimu edita kutafuta njia ya kuimaliza.

Eneo la kati ya kilohezi 1 na 4 ndilo linalobeba uelewekaji wa maneno ya mtu. Ukilijaza gitaa la mlio mkali na sintesaiza, edita atashusha muziki wako mpaka usisikike. Acha besi na ngoma chini, kengele na kayamba juu, na hapo katikati pitisha vitu vichache.

Kurekodi vyombo halisi kwetu kuna vita yake. Mwezi wa Aprili mvua ikigonga bati hakuna maikrofoni itakayokuokoa. Kiangazi kuna bodaboda, majogoo, na fundi wa kuchomelea mageti nyumba ya tatu. Moshi ongeza feni, maana bila feni mpiga zeze analowa jasho. Rekodi baada ya saa tano usiku na uwe umemaliza kabla ya adhana ya alfajiri, zima feni na friji kila unapobonyeza kitufe, ning’iniza mablanketi mazito nyuma ya mpigaji, na endesha laptopu kwa betri ili umeme ukikatika usipoteze kazi. Kila ukimaliza kipande, rekodi nusu dakika ya chumba kikiwa kimya. Programu za kusafisha kelele huutumia ukimya huo kama mfano wa kelele ya kuondoa.

4. Matoleo: dakika moja, 30, 15

Edita wa matangazo anafanya kazi kwa sekunde kamili. Ukimpa traki ya dakika mbili na nusu peke yake, umemwachia kazi. Ukimpa pia toleo la sekunde 60, la 30 na la 15, kila moja likiwa na mwanzo na mwisho wake, umemaliza shida yake yote kwa faili moja la zip.

Siri iko kwenye tempo, na watu wachache huifikiria kabla. Chukua 96 BPM, yaani mapigo 96 kwa dakika, katika mapigo manne. Pigo moja ni sekunde 0.625, baa moja ni sekunde 2.5. Sasa hesabu: baa 6 ni sekunde 15, baa 12 ni 30, baa 24 ni 60. Hakuna cha kubana wala kuvuta. Lakini usijaze baa zote. Kwenye toleo la sekunde 30, pigo la kufunga liangukie mwanzo wa baa ya 12, yaani sekunde ya 27.5, na sekunde mbili na nusu zilizobaki ziachie mwangwi ufe wenyewe. Kwenye la 60 pigo la mwisho liko sekunde ya 57.5, kwenye la 15 liko sekunde ya 12.5. Tempo za 80 na 128 nazo zinakubali: kwa 80, baa 10 ni sekunde 30, kwa 128, baa 16 ni sekunde 30. Ukitunga kwa 97 kwa sababu tu kipanya kilisimama hapo, utakata na kunyoosha mpaka asubuhi.

Usitengeneze matoleo mafupi kwa kukata faili lililokwisha kumasta. Rudi kwenye mradi, panga upya: la sekunde 15 lichukue ile sehemu iliyojaa, si utangulizi. Tengeneza pia toleo lisilo na melodi kuu. Hilo ndilo linalokaa chini ya msimulizi, na usishangae likiwa ndilo linalotumika zaidi.

5. Lupu isiyokwama

Lupu inauzwa kwa kitu kimoja: ikirudia, sikio lisijue imerudi. Inaonekana rahisi mpaka ujaribu kuiweka izunguke kwa dakika tano huku unakunywa chai.

Tuendelee na 96 BPM. Baa 8 ni mapigo 32, sekunde 20 kamili. Kwa 44.1 kHz, yaani vipimo 44,100 vya sauti kwa sekunde, hiyo ni sampuli 882,000 (hapa sampuli ni kipimo kimoja), namba nzima isiyo na mkia. Kwa 97 BPM baa hizo hizo zinatoa sampuli 872,907 na kipande. Programu italazimika kukata mahali, na lupu ikirudia mara nyingi kwenye mradi wa mtu mwingine inaanza kuteleza kidogo kidogo. Ndiyo maana napenda tempo zenye hesabu safi, kama 96, 100 au 120.

Tatizo la pili ni mkia wa mwangwi. Umepiga marimba, pigo la mwisho limeangukia mwishoni mwa baa ya 8, na mwangwi wake unaendelea sekunde mbili zaidi. Ukikata pale pale, lupu ikirudi mwanzo mwangwi unakatika ghafla na kila mtu anausikia. Dawa yake: weka lupu mara mbili mfululizo kwenye mradi, toa faili la zote, kisha kata nusu ya pili tu. Nusu hiyo mwanzoni mwake imeshabeba mkia wa nusu ya kwanza, hivyo ikijizungusha inajishika yenyewe. Kwenye FL Studio kuna njia ya mkato: unapotoa faili, kwenye sehemu ya “Tail” chagua “Wrap remainder”, na programu inachukua mkia na kuurudisha mwanzoni. Hakikisha tu kwamba patani yako ni baa kamili.

Baada ya hapo likuze wimbi mpaka uone mstari wa katikati, na uhakikishe mwanzo na mwisho vinagusa sifuri au viko karibu nayo. Pasipo hivyo utasikia “tk” ndogo kila mzunguko. Ukisikia, weka kififisho cha milisekunde mbili tatu pande zote.

Lupu itoe kwa WAV tu. MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni mwa faili kutokana na jinsi inavyobana sauti, na ukimya huo unaua mzunguko. Na kama ngoma yako inakwenda kwa 6/8, kama zilivyo ngoma nyingi za kwetu, iandike wazi kwenye maelezo, kwa sababu programu ya mnunuzi itadhani ni 4/4 na kuivuruga.

Ukiuza seti, toa kila ala kwa faili lake: ngoma peke yake, besi, marimba, kayamba, kisha zote pamoja. Zote ziwe na urefu ule ule hadi sampuli ya mwisho.

6. Masta na mafaili

Usishindane kwa kelele. YouTube hushusha traki zinazozidi takriban −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), na edita atakushusha zaidi chini ya maneno. Ukiikandamiza kwa limita mpaka wimbi liwe kama tofali, unachobakiwa nacho ni ngoma zisizo na pumzi. Mimi hulenga kati ya −14 na −12, na kilele cha kweli kisizidi −1 dB, kwa sababu kugeuza kwenda MP3 hupandisha vilele kidogo.

Faili la kuuza liwe WAV ya stereo, 24 biti au 16 biti, 44.1 au 48 kHz kulingana na maktaba inavyotaka. Kazi za video hutumia 48. Traki ya dakika tatu kwa 24 biti na 44.1 kHz ni kama MB 48, kwa hiyo ukijumlisha matoleo yote pakiti moja inazidi MB 100. Panga kupandisha usiku, au tafuta mahali penye faiba. Kupandisha kwa bando la simu mchana mtandao ukiwa umebanwa kunamaliza bando na moyo.

Majina ya mafaili yawe ya mtu mwenye akili timamu: jina la traki, toleo, BPM, kii (ufunguo wa muziki). “final_final_2_mpya” hapana.

7. Jina, maelezo, na maneno ya kutafutia

Mnunuzi anatafuta kwa Kiingereza, kwa hiyo ukurasa wa traki uandikwe kwa Kiingereza hata kama umetungia Kiboriloni. Jina liseme picha, lisiseme hisia zako za faragha. “Kilimanjaro Dawn Trek” inamwambia edita jambo. “Beat 47” haimwambii kitu.

Maelezo sentensi tatu: inasikikaje, ina ala gani, inafaa wapi. Kisha orodhesha matoleo na sekunde zake, BPM, kii. Kwenye maneno ya kutafutia anza na matumizi (safari, utalii, makala ya wanyama, shirika lisilo la serikali, tangazo la hoteli), fuata hali (matumaini, utulivu, ushindi), kisha ala, kisha mahali. Usiandike jina la msanii maarufu hata kwa kusema “inafanana na”. Maktaba zinakataa, na zina haki. Wala usibandike neno la Krismasi kwenye traki ya simba ili tu ionekane. Wanaoifungua na kuiacha mara moja hawakusaidii.

Kazi za msimu zipeleke mapema. Muziki wa Krismasi ukiupandisha Desemba umechelewa. Matangazo yanakatwa kuanzia Septemba na Oktoba.

8. Kuchagua maktaba, na mtego wa Content ID

Swali kuu ni kama mkataba ni wa kipekee au la. Usio wa kipekee unakuruhusu kuweka traki hiyo hiyo kwenye maktaba kadhaa na kuiuza mwenyewe. Wa kipekee kwa kawaida unakupa asilimia kubwa zaidi, lakini traki hiyo haiendi pengine. Ushauri wangu kwa anayeanza: usifunge mlango mapema. Weka kundi lako la kwanza kwa mikataba isiyo ya kipekee, angalia wapi panatembea, ndipo uamue.

Fuatilia pia nani anamiliki nini. Shutterstock ilinunua PremiumBeat mwaka 2015, Pond5 mwaka 2022 na Envato mwaka 2024, kisha Januari 2025 ikatangaza mpango wa kuungana na Getty Images. Milango inayoonekana mingi inaelekea nyumba moja, na nyumba ikibadili mmiliki masharti ya wapangaji nayo hubadilika. Barua pepe ya “tumerekebisha masharti” isome.

Sasa Content ID. Ni mfumo wa YouTube, ulioanza mwaka 2007, unaotambua muziki ndani ya video na kumpa mwenye muziki uwezo wa kudai. Ukituma albamu Spotify au Boomplay kupitia msambazaji, mara nyingi kuna kiboksi cha Content ID. Ukikiweka alama kwa traki ambayo pia unaiuza kwenye maktaba, edita aliyekulipa kihalali anapata dai la hakimiliki kwenye video ya mteja wake. Hapo umemletea usumbufu ule ule aliokuwa analipia kuukwepa; ataomba pesa irudi, na maktaba inaweza kukufungia. Traki ya maktaba usiisajili huko, isipokuwa maktaba yenyewe imekuruhusu na ina utaratibu wa kuondoa madai. Traki iliyojengwa kwa lupu za Splice haifai Content ID kabisa, kwani mfumo unataka sauti unayoimiliki wewe peke yako.

Fomu ya kujiunga itakuuliza kama umejisajili na chombo cha kukusanya mirabaha. Kwa Tanzania mlango wa mambo ya hakimiliki ni COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Jibu ukweli: kuna maktaba zinazokubali watunzi waliojisajili ili walipwe muziki ukichezwa kwenye televisheni, na kuna zinazotaka muziki usio na chombo chochote nyuma yake.

9. Kodi na pesa kufika mkononi

Maktaba ya Marekani itakutaka ujaze W-8BEN, fomu ya mtu binafsi asiye raia wala mkazi wa Marekani. Weka jina lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, anwani yako ya Tanzania, na TIN yako ya TRA. Sehemu ya mkataba wa kodi iache wazi: Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kodi ya mapato, kwa hiyo mirabaha inayotokana na mauzo ya Marekani hukatwa asilimia 30. Inauma, lakini ndiyo sheria yao. Mauzo kwa wateja wa nchi nyingine kwa kawaida hayaguswi na makato hayo. Fomu hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule wa kusaini; ukisaini 2025, inaisha 31 Desemba 2028. Iweke kwenye kalenda ya simu.

Kwa kupokea, akaunti ya PayPal ya Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia tu, si ya kupokea. Payoneer inafanya kazi hapa na inahamishia kwenye akaunti ya benki ya kwetu, kwa makato. Kwa hiyo kabla hujajiunga na maktaba yoyote, angalia njia zake za malipo na kiwango cha chini cha kutoa. Kuna wanaovuka Namanga kutafuta laini ya Kenya ili wafungue PayPal ya huko. Usifanye hivyo. Nchi ya akaunti na nchi iliyo kwenye W-8BEN zikipishana, akaunti inaweza kufungwa ikiwa na pesa ndani, na huna wa kumlalamikia.

Taarifa za mauzo na makato zihifadhi kila mwezi. Mapato haya ni ya kutangazwa TRA, na karatasi ya asilimia 30 iliyokatwa nje mpelekee mhasibu wako.

10. Kuwauzia wa hapa hapa

Kama mikataba yako si ya kipekee, kampuni za utalii, hoteli na maedita wa Arusha na Moshi unaweza kuwauzia bila maktaba katikati. Wengi hawanunui muziki kwa sababu hawajawahi kupewa karatasi. Wanachukua wimbo wowote, video inafungiwa, wanahangaika. Nenda na simu yenye traki tano, si hamsini, zikiwa tayari chini ya video yao wenyewe uliyoipakua kwenye ukurasa wao. Waonyeshe papo hapo, kisha futa nakala hiyo, usiiweke popote.

Leseni yenyewe ni ukurasa mmoja. Iandike jina la traki na matoleo yake, wewe kama mwenye haki zote mbili, jina la kampuni, video au kampeni inayohusika, majukwaa (tovuti, YouTube, Instagram, televisheni), nchi, muda, na kiasi kilicholipwa. Ongeza vipengele viwili vinavyosahaulika: kwamba leseni si ya kipekee, na kwamba mteja haruhusiwi kuuza muziki peke yake, kuusajili kwa jina lake wala kumpa mtu mwingine. Televisheni iwe na bei yake, mitandao bei yake, na mwaka mmoja usiuuze kwa bei ya milele. Mkiulizana “bei ya mwisho?”, punguza muda au majukwaa, usipunguze pesa kwa ruhusa ile ile.

Mpe nakala ya PDF pamoja na faili la WAV kwenye folda moja, na mwambie aihifadhi hapo hapo. Dai likitokea kwenye YouTube, anabonyeza kitufe cha kupinga na kueleza kwamba ana leseni, akitaja jina lako, jina la traki na tarehe ya leseni. Wewe baki na nakala yako pamoja na zile karatasi za mpiga gitaa na waimbaji wanane, kwa sababu mdai akikaza, zitakazoombwa ni hizo.